Mlichangia injini, na injini haikuwa mbovu



Wale mmezoea kupata neno fupi la asubuhi hapa, leo nivumilieni. Ni refu, na ni la pikapu. Ikiwa wewe ni mmoja wa wale waliotuma chochote kwa ajili ya injini ya gari la kanisa, tafadhali soma mpaka mwisho, kwa sababu pesa zako zimetajwa huko chini mpaka shilingi ya mwisho. Ikiwa hukutuma, soma tu. Pengine una gari la zamani la dizeli limekosa nguvu na fundi ameshakuambia uuze shamba.

Pikapu yenyewe mnaijua. Hilux ya mwaka 1996, nyeupe ambayo si nyeupe tena, injini ya 3L isiyo na turbo. Imebeba hema na viti vyetu kutoka Kayole hadi Ruai. Imebeba mitungi ya maji wiki zile mifereji ya mtaa ikikauka. Imempeleka mama mjamzito Pumwani saa nane za usiku, na imewabeba baadhi ya wapendwa wetu safari yao ya mwisho. Ndiyo sababu nilipowaambia kwamba injini imekufa, hamkuuliza maswali. Mliniamini, mkatuma. Kuna mama anayeuza mandazi stejini ambaye alituma mia mbili siku ya Jumanne, halafu Ijumaa akaongeza mia tatu na kuandika, "Pasta, hii ni ya bolti moja." Ninaandika haya nikimfikiria yeye.

Ilianza hivi. Tulikuwa tunatoka mazishini Naivasha, tukirudi kwa barabara ya chini, ile ya Mai Mahiu. Nyuma kulikuwa na viti mia moja, hema na jenereta. Pale mlima unapoanza kuna kile kikanisa kidogo cha mawe kilichojengwa na wafungwa wa vita Waitaliano, wale waliotengeneza barabara hiyo miaka ya 1940. Tulipofika hapo gia ya tatu ikakataa. Ya pili ikakataa. Lori la viazi likatupita, na utingo wake akatupungia mkono kwa huruma. Tukaegesha kando ya kanisa. Miaka yote nimepita pale sijawahi kushuka kwenye gari, na siku hiyo nilikaa kwenye ngazi zake karibu saa nzima.

Dereva wetu akafungua boneti. Juu ya chujio la dizeli kuna kipampu cha mkono, cheusi, kama kofia ya chupa. Akakibonyeza mara ishirini au thelathini, akawasha, na pikapu ikapanda kama zamani. Kilomita mbili hivi. Halafu ikachoka tena. Akashuka, akabonyeza tena, tukaendelea. Tulifika juu mlimani giza likiwa limeingia.

Pale njiani aliniambia maneno haya: "Pasta, hii inavuta hewa mahali. Hata asubuhi siku hizi inasumbua kuwaka, mpaka niipige hiyo pampu kwanza."

Nikamwambia hiyo ya asubuhi ni betri.

Sikiliza, mimi si fundi. Ningeweza kusema, "Sijui." Lakini mtu akizoea kuulizwa maswali kila siku na kujibu, ulimi unajibu hata pale kichwa hakina kitu. Mithali 18:13, nendeni mkaisome wenyewe. Mimi sina uso wa kuiandika hapa.

Tulipofika nyumbani nilikuwa tayari na maelezo yangu. Niliamua kwamba dereva ananunua mafuta ya mitungi, ya bei ya chini, yaliyochanganywa na mafuta taa, na salio anatia mfukoni. Nilijua kidogo kuhusu uchanganyaji huo na kidogo hicho kikanipotosha. Ni kweli biashara hiyo ilikuwa kubwa, mpaka Septemba 2018 serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa ili isiwe na faida tena. Ni kweli pia kwamba mafuta taa huua pampu ya gari kama letu, kwa sababu pampu ile haina oili yake. Inalainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani, na mafuta taa ni makavu. Yote hayo ni kweli. Lakini hakuna hata moja lililothibitisha kwamba kijana wangu ameiba. Risiti alikuwa nazo, zote za kituo kimoja cha mafuta pale Donholm. Nilizitazama nikasema hata risiti zinaweza kutengenezwa. Nikasema hivyo mbele ya wazee wa kanisa saba. Tukamwambia apumzike kwanza.

Alikabidhi ufunguo. Hakusema neno.

Baada ya hapo nikapeleka pikapu kwenye gereji moja, sitaitaja. Wakatoa pampu, wakaipeleka kupimwa, wakabadilisha nozo zote nne. Shilingi 26,000. Gari likaunguruma vizuri pale pale uani, nikalipa, nikaenda nalo hadi Kiambu na mzigo wa simiti, likafa tena mlimani. Nikarudi. Safari hii mmoja wao akafungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma, akaniita nione. Mvuke ulikuwa unatoka. "Inapumua, Pasta. Ringi zimekwisha. Hii ni ovahoo." Hesabu ikaja 135,000.

Jioni hiyo hiyo nikaandika hapa kwamba injini imekufa.

Sasa nataka uelewe kitu ambacho ningekijua mapema, mngebaki na pesa zenu. Injini ya dizeli haina plagi ya cheche kama ya petroli. Hewa inaingia kwenye silinda, inabanwa mpaka inakuwa moto mkali, halafu dizeli inanyunyizwa ndani na kujiwakia yenyewe. Basi. Ikikosa nguvu, ama haipati hewa, ama haibani, ama haipati mafuta, ama nguvu ipo lakini kitu kingine kinaila kabla haijafika barabarani. Moshi unakusaidia kujua uanzie wapi. Mweusi mzito maana yake mara nyingi mafuta ni mengi kuliko hewa: chujio la hewa limeziba, au nozo zinatema badala ya kunyunyiza. Wa bluu, injini inaunguza oili, na hapo ndipo mtu ataje ringi. Gari ambalo halina nguvu na halitoi moshi wowote wa maana ukilikanyagia mlimani, hilo lina njaa. Mafuta hayafiki.

Letu halikuwa na moshi. Lori zima la viazi lilitupita tukiwa hatuna moshi.

Niliyemsikia akisema haya ni fundi mmoja mzee wa Kariobangi Light Industries, pale ambapo ukisimama dakika tano masikio yanaanza kuvuma kwa nyundo. Sikwenda kwake kutafuta hekima, nataka hilo lieleweke. Nilikwenda kutafuta ovahoo ya bei nafuu kuliko 135,000. Spea nilikuwa nimeshaanza kununua mjini, barabara ya Kirinyaga: ringi, beringi na seti ya gasketi, 31,000, ziko nyuma ya kiti kwenye boksi. Mzee akaliangalia boksi, akaniangalia.

"Kompresheni ilikuwa ngapi?"

Nikasema sijui.

"Nani alipima?"

Hakuna aliyepima. Walitazama mvuke. Yeye akasema injini ya umri huu lazima ipumue kidogo, hata yeye mwenyewe akipanda ngazi anapumua, na hajapelekwa ovahoo. Akasema kufungua injini si kupima. Ukishaifungua umeshalipa.

Kabla ya kugusa kitu alimtafuta mtu anayeliendesha gari. Nikasema ni mimi. "Wewe ndiye unayeliwasha asubuhi?" Nikanyamaza kidogo, nikamweleza kuhusu dereva, nikamweleza na habari ya kipampu cha mkono. Aliweka spana chini. Akaniuliza kama huyo kijana bado yuko hai, nikasema yuko Umoja kwa dadake. Akasema, "Basi umenipa jibu na umemfukuza mwenye jibu." Halafu akaanza kazi bila kuniangalia.

Ilichukua siku nzima, na kwa sehemu kubwa haikugharimu kitu. Kwanza akanituma ndani nikanyage mafuta mpaka chini, injini ikiwa imezimwa, yeye akiangalia mkono wa pampu kama unafika kwenye bolti yake ya mwisho. Haukufika. Akaingiza mkono miguuni pangu akatoa zulia la pili, lile zuri mlilonipa kina mama wakati wa Krismasi. Lilikuwa linazuia pedali. Kina mama, zulia sasa liko ofisini, na silo lililoharibu gari, lilipunguza kidogo tu. Lakini fikiria: pampu imetolewa, imelipiwa, imerudishwa, na hakuna mtu aliyekuwa ameangalia kama pedali inafika chini.

Akaniambia nizunguke Kariobangi kidogo na kurudi, bila kukanyaga breki kwa nguvu, kisha akagusa rimu za magurudumu yote manne kwa kiganja. Moja likiwa moto kuliko mengine, breki imeshika, na utalaumu injini mwaka mzima. Yetu yalikuwa sawa. Chujio la hewa likatoka, likapigwa kwenye kiatu, likaangaliwa juani. Chafu, si la kuua gari. Halafu akatoa hita plagi, akafunga geji kwenye matundu yake moja baada ya jingine na kupima kompresheni. Silinda zote nne zilikaribiana na zote zilikuwa nzuri kwa umri wake. Hapo ndipo ovahoo ya 135,000 ilikufa. Nilikuwa nimesimama karibu na boksi langu la ringi.

Aliniambia pia jambo ambalo wengi hatulijui. Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, Limuru ni zaidi ya mita 2,200, na hewa ya huku juu ni nyepesi. Gari lisilo na turbo linapumua linachokuta. Likiteremka Mombasa linakuwa kijana tena. Kwa hiyo sehemu ya udhaifu nilioulilia ilikuwepo tangu gari liingie mtaani, ila tulikuwa hatuna viti mia.

Kisha ukaja mtungi. Mtungi mdogo wa lita tano, safi, wenye dizeli, akaufunga kwa kamba karibu na kioo cha mbele. Akachomoa mpira unaoleta mafuta kutoka tangi na ule unaorudisha, akaitia yote miwili kwenye mtungi. Sasa injini ilikuwa inakunywa kutoka kwenye mtungi, haijui tena habari ya tangi. Tukapakia mifuko ya mchanga wa jirani yake, tukashika Outering, tukapanda ule mwinuko wa kuelekea Allsops.

Wapendwa, pikapu ilivuta. Gia ya tatu, mchanga nyuma, ikavuta. Nilipiga kelele ndani ya gari, na mzee akaniambia niangalie barabara.

Kwa hiyo pampu ilikuwa nzima, nozo nzima, injini nzima. Ugonjwa ulikuwa nyuma, kati ya tangi na chujio. Akarudisha mabomba yake na kuweka kipande cha mpira unaoonyesha, kama ule wa dripu, kabla ya pampu. Tukawasha. Mapovu yakapita humo kama soda.

Na hapa ndipo nilipoelewa kwa nini sikuona chochote miezi yote hiyo. Mimi nilikuwa nikiinama kila asubuhi kutafuta tone la mafuta chini ya gari. Nikikuta ni pakavu, ninajiambia mabomba yako sawa. Lakini katika gari hili mafuta hayasukumwi kutoka tangi, yananyonywa. Pampu iko mbele, inavuta kama mtoto na mrija. Mrija ukitoboka juu, maziwa hayamwagiki, mtoto anakunywa hewa. Polepole mtaani, kwenye msongamano wa Jogoo Road, injini inahitaji mafuta kidogo na hewa inayoingia ni kidogo, hutambui. Mlimani na mzigo inavuta kwa nguvu zote, na hewa nayo inaingia kwa nguvu zote. Usiku gari likilala, mafuta yanarudi tangini polepole kwa sababu hewa imeingia nyuma yake, asubuhi pampu inakuta utupu, na starta inazunguka mpaka unailaumu betri.

Walishusha tangi. Juu yake, mahali ambapo huwezi kuona hata ukilala chini na tochi, kulikuwa na kipande cha mpira kifupi kinachounganisha tangi na bomba la chuma. Ukikikunja kilionyesha nyufa kama kisigino cha mtu aliyetembea vumbini. Klipu yake ilikuwa imeshakula kutu.

Mpira mpya mita mbili, shilingi 600. Klipu nne, 200. Chujio jipya la dizeli, 1,800, kwa sababu lile la zamani alisema hatalirudisha. Kazi yake, 4,000. Jumla 6,600.

Sasa hesabu yenu. Mlituma 87,350. Mhazini ana orodha yote na unaweza kuiona. Kutoka hapo nilitumia 26,000 kwa pampu na nozo zisizokuwa na makosa. Zile spea za 31,000 niliporudisha dukani walizipokea kwa 27,500, kwa hiyo 3,500 zimepotea. Hizo mbili ni 29,500, na wazee hawakuwa wamepitisha hata senti yake, niliamua peke yangu kwa haraka zangu. Nitazilipa mimi, 5,900 kila mwezi kwa miezi mitano, kuanzia mwezi huu. Kwa hiyo kilichotumika kutoka kwa mchango wenu ni 6,600, na 80,750 ni zenu. Ukitaka zako zirudi, mwambie mhazini Jumapili baada ya ibada ya pili, au mtumie ujumbe. Hakuna atakayekuuliza kwa nini. Usione haya. Mama wa mandazi, zako mia tano nimekuletea mwenyewe, ukakataa, tutaongea tena.

Kuhusu dereva. Nilimshtaki mbele ya watu saba, kwa hiyo kumwomba msamaha chumbani hakutoshi. Nilikwenda Umoja kwanza, Jumatano jioni, nikiwa na kile kipande cha mpira mfukoni. Dadake akanikaribisha chai. Kijana alikikunja, akakiangalia nyufa zake, akacheka kidogo, halafu hakucheka tena. Alisema lililomuuma si kazi. Lilimuuma kwamba mamake, ambaye anasali nasi, aliacha kukaa kiti chake cha mbele. Mimi sikuwa nimeona hilo. Mtu anayehubiri kila Jumapili akiwaangalia watu, sikuona kiti kimoja.

Kwa hiyo naandika hapa, mahali ambapo wote mnasoma: hakuiba mafuta. Hakuchanganya mafuta. Risiti zake zilikuwa za kweli. Alinieleza ugonjwa wa gari pale kando ya kanisa la Waitaliano, akiwa na mikono iliyojaa dizeli, na mimi nikamjibu habari ya betri. Nimemkosea, na nimemkosea mamake. Jumapili nitayasema haya madhabahuni akiwepo, akikubali kuwepo. Amesema atafikiria, na ana haki ya kufikiria. Mshahara wa wiki alizokaa nyumbani ameshapewa. Kama atarudi kazini bado hajaniambia, na tafadhali msimpigie simu kumshawishi. Najua mnavyopenda kusaidia.

Kwa sasa ninaendesha mimi. Jumamosi hii kuna mazishi Kangundo, ya baba wa dada yetu wa kwaya. Pikapu itatoka kanisani saa kumi na moja na nusu alfajiri na hema na viti. Nahitaji vijana wanne wa kupakia, na yeyote mwenye kamba ndefu aje nayo, yetu imebaki Kariobangi ikiwa imefunga mtungi wa yule mzee.